Haijaanza ama haianzi

Tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili, walinipa maiki hapa Busia upande wetu wa Uganda, wakaniambia nina dakika ishirini za kuzungumzia kazi ya ukalimani mpakani. Nikaongea karibu saa nzima. Waliozuiwa na mvua wameniomba kwa meseji niandike nilichosema, basi ndio hii, nimeiacha vile nilivyoongea, nimetoa tu ile sehemu tulipokuwa tunatafuta ekstenshoni ya spika.

Wazee wetu shikamooni. Mama zangu wa soko hapa mbele shikamooni tena, nyinyi mara mbili. Walimu, karibuni. Na nyinyi vijana wa boda mlioegesha pale nje mkasikia kuna soda, soda iko, lakini iko baada ya mimi, kwa hivyo ingieni mkae.

Nataka kuongea juu ya neno moja la Kiingereza. Moja tu. Nimelichagua kwa sababu liliwahi kuniaibisha mimi mwenyewe, na mashahidi wako hapa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao ameshaanza kucheka kabla sijalitaja.

Neno lenyewe ni nonstarter.

Sasa hadithi. Mnakumbuka hii ofisi ya pamoja ya mpakani ilizinduliwa Februari 2018, marais wawili walikuja, barabara ikafagiwa mpaka ikang'aa. Baada ya hapo watu wa miradi walikuwa wanakuja kila wiki, kila mmoja na fulana zake na kofia zake. Shirika moja, jina naliacha, liliita kina mama wanaovusha bidhaa, wa samaki, wa nyanya, wa mayai, wa mitumba, wakaulizwa mnataka nini. Kina mama wakasema bila hata kuangaliana: stoo ya baridi. Karibu na mpaka. Kwa sababu lori likichelewa siku moja nyanya zinalia maji na samaki anaanza kukuangalia vibaya. Mimi nilikuwa mkalimani, nimevaa shati jeupe la kukopa, nikaitafsiri vizuri kabisa hiyo ya stoo. Madamu aliyetoka Kampala akaandika, wakaondoka.

Wiki tatu baadaye wakarudi na majibu. Tuko chini ya tenti, joto kali, madamu anafungua faili, anapitia moja moja: mafunzo ya fomu za forodha, ndiyo. Kitambulisho cha mfanyabiashara, ndiyo. Halafu akafika kwa stoo, akavua miwani, akasema kwa upole kabisa, sauti ya kanisani, kwamba stoo ya baridi "is a nonstarter". Mimi hilo neno sikuwa nimewahi kukutana nalo, lakini mkalimani hawezi kunyamaza, mkalimani akinyamaza ni kama spika imekatika, watu wote wanakugeukia. Nikaligawa haraka kichwani: start ni kuanza, non ni kukanusha. Nikasema kwa sauti: "Kuhusu stoo ya baridi, anasema haijaanza."

Makofi. Vigelegele. Mama mmoja alisimama akacheza.

Na madamu naye, masikini, akatabasamu. Nadhani alirudi Kampala akasimulia kwamba wanawake wa Busia wana roho kubwa, unawaambia hapana wanakushangilia.

Sasa jamani mkiambiwa kitu haijaanza, mnafanya nini? Mnajiandaa. Kina mama arobaini wakakubaliana kila mmoja atoe shilingi 2,000 kila wiki, ili stoo ikianza wasikutwe mikono mitupu. Wiki ya kwanza 80,000. Wiki kumi na nne, hesabuni wenyewe, ni 1,120,000, iko kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Halafu mwenyekiti wao, mama wa mayai, akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakunisalimu. Akasema, "Mwanangu, ulisema haijaanza. Itaanza lini?"

Nikampigia madamu. Kimya kidogo, halafu akaniambia lakini niliwaambia hiyo haiwezekani, wewe mwenyewe ulitafsiri, na walipiga makofi. Banange. Nilikaa pale kwenye benchi ya chapati nikajihisi nimekuwa mdogo kama kiberiti.

Hiyo ndio siku nilienda kutafuta hilo neno linatoka wapi, na ndio nimewaletea leo.

Linatoka kwa farasi. Tena sio farasi wa kulima wala wa kubeba, farasi wa mbio. Waingereza na mbio za farasi ni kama sisi na mechi za wikendi, na huko karne ya 19 tayari walikuwa na orodha: farasi anaandikishwa kwa mbio, jina linachapishwa, watu wanaweka pesa. Siku ikifika yule anayeingia uwanjani na kukimbia anaitwa starter. Yule aliyeandikishwa, jina liko kwenye karatasi, lakini siku ya mbio hakutoka, labda mguu umevimba, labda mwenyewe ameghairi, huyo ni nonstarter. Angalieni vizuri hapo. Hakushindwa mbio. Hakuanguka. Hakuwa wa mwisho. Hayupo kabisa kwenye matokeo, kwa sababu mguu wake haukugusa mstari.

Baadaye watu wakaanza kulitumia neno kwa mawazo, mipango, maombi, na hata kwa mtu ambaye hana nafasi kabisa. Wazo limeletwa mezani, limeandikwa kwenye faili, lakini halitakimbia. Ndio maana kwa Kiingereza kufeli na kuwa nonstarter ni vitu viwili. Mradi wa maji uliochimbwa, bomba likapasuka, mhasibu akahama nyumba, huo umefeli. Nonstarter haukufika hata kwa jembe.

Nyinyi wa kubeti, naona mmeamka sasa. Kwa kawaida Uingereza farasi wako akitolewa siku ya mbio, hela yako inarudi, sawa na ile mechi yenu ikiahirishwa inatolewa kwenye tiketi na zile zingine zinaendelea. Na kulikuwa na vituko kinyume chake pia. Tarehe 3 Aprili 1993, Aintree kule Liverpool, mbio zao kubwa kabisa zinaitwa Grand National, farasi 39 wako kwenye mstari, kamba ya kuanzia ikamnasa mmoja wa wapandaji shingoni, bendera ya kuwarudisha haikufunguka vizuri, basi 30 wakatoka mbio wakidhani imeanza. Wengine wakasimamishwa njiani, 7 wakamaliza mzunguko wote, mito na ua na kila kitu, wa kwanza akawa farasi anaitwa Esha Ness, mpandaji John White anakata mstari halafu ndio anajua kwamba mbio hazikuwepo. Zikafutwa. Pauni milioni 75 zikarudishwa kwa waliobeti. Huyo farasi mimi namwonea huruma mpaka leo, amekimbia zaidi ya kilomita saba na kwenye vitabu hakuanza.

Tatizo letu hapa Busia, farasi hatuna. Tuna ng'ombe, mbuzi, punda. Kwa hivyo tukisikia starter hatuoni farasi. Mwenyekiti mmoja wa stegi ya boda, yuko hapa leo ananiangalia, siku ile ile chini ya tenti aliposikia nonstarter alinong'oneza jirani yake kwamba wazungu wanasema hiyo stoo ni kama mashine iliyokufa stata. Na mashine iliyokufa stata tunafanya nini? Tunapiga kiki. Kiki ikikataa tunasukuma, unaruka juu, unaachia klachi, inawaka. Kwa hivyo hata yeye alipiga makofi! Kwake nonstarter ilikuwa maana yake njooni tusukume pamoja.

Na kuna ile starter ya hotelini, mmeenda semina mnaijua, ile supu nyepesi wanaleta kwanza na kipande cha mkate kidogo kama stempu. Halafu kule kwenye farasi, starter ni pia yule bwana anayeinua bendera. Neno moja, kazi nne. Ukiwa mkalimani usilikimbilie neno kwa sababu tu unajua nusu yake.

Sasa twende kwa kosa langu lenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye utamu, walimu nisaidieni. Mimi nilisema haijaanza. Ile herufi mbili, ja, ndio ilikula milioni moja na laki moja ya kina mama. Ukisema haikuanza, basi, yamepita. Ukisema haitaanza, umefunga. Lakini haijaanza ina mlango wazi. Kwa Kiswahili ukimuuliza mtu umeoa, hata kama ana miaka sitini na tano na meno manne, hasemi sikuoa, anasema bado, sijaoa. Una watoto? Bado. Umefika Mombasa? Sijafika. Ni adabu, na ni namna ya kutomfungia Mungu kazi. Waganda nao wanayo, ukiwa hujala unasema sinnalya, maana yake chakula bado kinakuja. Kiingereza hicho kimlango hakina ndani ya kitenzi, wanalazimika kuongeza kijineno pembeni, na ukikisahau hakuna anayekulaumu. Sisi tumekishonea ndani. Kwa hivyo mtu akikuletea nonstarter, neno la kufunga mlango na kubana kufuli, ukalitafsiri kwa ja, umewapa watu ufunguo wa nyumba ambayo haijengwi.

Haianzi. Hiyo ndio ningesema. Gari haianzi, mradi hauanzi. Ama ningesema hilo halipo, lisahauni.

Walimu wengine watanambia tumia ndoto za Alinacha. Nawaheshimu lakini hapana. Alinacha, wale ambao shule ilikuwa mbali, ni yule jamaa wa kwenye Alfu Lela Ulela, amenunua vyombo vya kioo, ameweka kwenye kapu mbele yake, anaanza kuwaza: nitauza, nitapata faida, nitanunua zaidi, nitakuwa tajiri, nitaoa binti wa waziri, na akinikasirisha nitampiga teke. Akarusha teke kweli, kapu likaruka, kioo chote vipande. Hiyo ni ndoto ya mtu mwenye mtaji, alikuwa ameshaanza! Wazungu hiyo wana neno lingine, wanaita ndoto ya kiko, kwa sababu ya wale waliokuwa wanavuta afyuni wakiona majumba ya dhahabu. Aliyeota amelala, mwamshe. Lakini kina mama wa stoo hawakuwa wanaota, walikuwa na samaki wanaooza mkononi. Na kutwanga maji kwenye kinu ni kazi, mtu anatokwa jasho. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni, sawa, lakini zimekimbiwa. Kila methali niliyoshika inazungumzia mtu ambaye tayari yuko kazini.

Kisarufi haina maneno mengi: ni nomino, sio kitenzi, Waingereza wanapenda kuweka kistari katikati, Wamarekani wanaunganisha. Husemi mradi ume-nonstart, mtachekwa mbele za watu.

Lakini kuna ujanja ndani yake ambao nataka muushike, na huu mimi unaniudhi. Ukisema mradi ni nonstarter, nani amekataa? Hakuna. Sentensi haina mtu. Ni kama vile mradi wenyewe umezaliwa na mguu mbovu. Madamu hakusema mimi nimekataa, wala bosi wangu amekataa, wala pesa imeenda kwingine, wala ardhi ile ni hifadhi ya barabara. Alisema tu kile kitu chenyewe ndio kibovu. Wanadiplomasia wanalipenda sana hilo neno kwa sababu hiyo, unaletewa pendekezo asubuhi, saa sita unasema nonstarter, hujamtukana mtu na hujajieleza. Sisi kwa Kiswahili cha sokoni mtu akikwambia wamekataa, swali la kwanza ni wamekataa nani, na la pili kwa nini. Mkalimani mzuri pale angegeuka kwa madamu kwa heshima akamuuliza: samahani, kinachozuia ni nini? Mimi sikuuliza. Nilikuwa nawaza shati lisichafuke.

Na historia yetu hii sehemu imejaa farasi wa namna hiyo, wacha nitoe wachache kabla ya soda.

Kuna mpango mmoja duniani unaitwa kwa jina la nchi yetu, Mpango wa Uganda, na watu wengi hapa hawaujui. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwaambia Wazayuni waliokuwa wanatafuta nchi ya Wayahudi kwamba kuna ardhi Afrika Mashariki. Wakakutana Basel kule Uswisi, wakagombana, wengine wakalia, wakapiga kura: 295 wakasema tume iende ikaangalie, 178 wakakataa. Tume ikaja, ikatembea, ikarudi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukasema asante, hapana. Huyo ndiye nonstarter wa kitabuni kabisa: aliandikishwa, alikaguliwa meno, hakutoka. Na kichekesho ni kwamba ardhi yenyewe haikuwa Uganda. Ilikuwa Uasin Gishu, kule kwa kina Eldoret, na mkoa wetu huo wa mashariki Waingereza walikuwa wameukata na kuutia upande wa Kenya tangu 1902. Tumebaki na jina tu.

Halafu kuna lile lililosemwa halifai na likaanza. Reli. Wabunge fulani London, mmoja anaitwa Henry Labouchere, walikuwa wanaicheka mpaka kuitungia shairi, ni reli ya vichaa, inatoka wapi inaenda wapi. Wakaanza kuijenga Mombasa 1896, na 1901 ikagusa ziwa Kisumu. Mnaona, mtu akisema nonstarter anatabiri, na utabiri una siku ya kuumbuka.

Na Kiswahili chenyewe? Leo tumekaa hapa chini ya bendera. Gavana Gowers alileta waraka 1927 akitaka Kiswahili kitumike shuleni na ofisini Uganda, Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi, maaskofu wakapinga, farasi akarudishwa zizini. Mwaka 1973 Amin akatangaza Kiswahili lugha ya taifa, kwa amri, na kwa sababu ilikuwa amri na watu walikisikia kwa askari waliowapiga, wengi wakakichukia zaidi, mama yangu mzazi alikuwa akisikia Kiswahili usiku anazima taa. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili, ila mpaka Bunge litunge sheria kitumike wapi na vipi. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha tena kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Nimehesabu, mara nne anapelekwa kwenye mstari. Kampala bado wanakwambia hicho ni nonstarter, na wanakwambia kwa Kiingereza. Huku Busia wakati wote huo, mama anauza dagaa kwa Kiswahili, boda anabishana bei kwa Kiswahili, na hata neno boda lenyewe, ambalo sasa dunia nzima inalitumia, si lilizaliwa hapa hapa, vijana wa baiskeli wanapiga kelele border, border, wanavusha watu ile sehemu ya katikati isiyo ya mtu. Hatukumwomba waziri ruhusa.

Nimetoka nje ya barabara, narudi.

Jioni ile baada ya simu ya madamu nilienda kwa mama mwenyekiti kukiri. Yuko kibandani kwake, trei za mayai zimepangwa mpaka begani, umeme umekatika. Alikuwa anakagua mayai ya kuku wake wa kienyeji aliyekuwa amelalia siku ya tisa. Anachukua yai moja, anaziba kwa vidole vitatu upande mnene, anawasha tochi ya simu kwa chini. Yai la kwanza likawaka jekundu, ndani mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi ya nyasi, na katikati kitone cheusi kinatetemeka. Analirudisha taratibu chini ya kuku, kuku anamdonoa, anamwambia kuku pole. La pili vivyo hivyo. La tatu likawaka njano tupu, safi kama taa, hakuna hata uzi.

Nikamweleza yote. Neno, farasi, madamu, ja yangu. Nilidhani atanifukuza. Akanyamaza, halafu akaniwekea lile yai la njano kiganjani, lilikuwa bado na joto la kuku.

"Kwa hivyo ni hili," akasema. "Hili jogoo hakulijua. Kuku atalilalia siku 21, atalilalia hata mwezi, halitoi kitu. Ukiliacha humo linakuwa viza, linanuka, linapasuka, linaharibu na mengine. Ungetuambia siku ile hili ni tupu, tungelikaanga."

Mimi nimesoma, nina cheti, nimelala na kamusi, na neno nililokuwa nalitafuta lilikuwa kwa muuza mayai. Yai viza. Wazo viza, mradi viza, hoja viza. Ni Kiswahili cha zamani, kutoka kuvia, ile hali ya kitu kudumaa kisikue. Wataalamu mtaniambia viza ni yai lililooza, sio lile ambalo halikuanza, na mko sawa, mama mwenyewe ameyatenganisha hayo mayai mawili hapo juu. Lakini mbele ya watu, sekunde mbili, maiki mkononi, nikisema hiyo stoo ni yai viza hakuna mama atakayepiga makofi. Tatizo moja tu, tuko mpakani. Nililijaribu kwenye mkutano mmoja na kijana wa nyuma akauliza kwani stoo inahitaji viza ya wapi, si tuko Jumuiya.

Mtaniuliza na ile pesa. Walikaa kikao, wengine wakataka irudishwe kila mtu na yake kama wale wa farasi, wengine wakasema tayari iko pamoja isitawanyike. Wakanunua friza ya mitumba, kubwa, nyeupe, mlango unafungwa kwa raba. Ilifanya barafu ya samaki miezi kadhaa. Sitawadanganya kwamba walitajirika. Gesi iliisha, fundi akasema kompresa, na ukienda leo utaikuta pale pale, ndani wanaweka vitabu vya hesabu vya kikundi kwa sababu panya hawawezi kuingia.

Basi hapo nilikuwa nimemaliza, nikasema kama kuna swali moja tuulize twende kwa soda. Mkono ukainuka mstari wa mbele. Mama mwenyekiti. Akasimama akajifunga leso vizuri, akageuka kwanza kuangalia watu kama mbunge.

"Mwanangu," akasema, "hapa tuna wabadilishaji pesa, wanakaa juani na mabunda ya Kenya na ya Uganda. Tuliambiwa pesa itakuwa moja Afrika Mashariki yote."

Nikamjibu ni kweli, mkataba ulisainiwa Kampala Novemba 2013, pesa ilitakiwa kuwa tayari 2024, wakasogeza mpaka 2031. Na shirikisho lenyewe, nchi moja, Nyerere na Kenyatta na Obote walilitangaza Nairobi tangu Juni 1963, wakasema kabla ya mwaka kuisha.

"Sawa," akasema. "Nataka unitafsirie, na safari hii utafsiri vizuri. Hiyo pesa haijaanza, ama haianzi?"

Watu wakacheka mpaka tenti ikatikisika. Vijana wa boda wakapiga honi nje bila hata kujua kimesemwa nini. Nikamwangalia mgeni rasmi, naye akaangalia viatu vyake.

Nikasema, mama, hebu niazime tochi yako.